Baba Anahama

Mtaani walimwita Mama Vilevile, na jina hilo alipewa na mdogo wake wa kiume. Lilianza kwa utani tu. Mteja mmoja alimleta binti yake apimwe sketi ya shule, akaomba marinda yapunguzwe kidogo, kwa kuwa siku hizi wasichana wanapenda sketi iliyonyooka. Fundi akamtazama juu ya miwani, akasema, "Sketi ya shule ina marinda. Ilikuwa na marinda nilipovaa mimi, nami nitaishona vilevile." Mdogo wake alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja akinywa soda. Alicheka mpaka soda ikampalia, na tangu siku hiyo hakumwita dada yake jina lingine. Wateja nao wakalidaka. Fundi mwenyewe hakukasirika. Kusema kweli alilipenda, ingawa hakumwambia mtu.

Duka lake lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba ya baba yao. Mlikuwa na cherehani mbili, meza ya kukatia vitambaa, pasi iliyokaa juu ya kipande cha kigae, na redio ndogo kwenye rafu ya nyuzi. Kwenye redio hiyo alimsikia mdogo wake kila asubuhi, maana alikuwa mtangazaji wa kipindi cha mijadala. Yeye naye wasikilizaji walimbandika jina, wakamwita Mageuzi. Alikuwa na sauti nzito, tamu, na ukimsikiliza ungedhani dunia nzima ni samani zilizopangwa vibaya sebuleni, zinamngoja yeye aje azisogeze.

Asubuhi moja swali la kipindi lilikuwa hili: wewe ni mhafidhina au mliberali, na neno hilo lina maana gani katika maisha yako mwenyewe, siasa kando? Simu zikamiminika. Muuza maziwa mmoja alisema yeye ni mliberali, kwa sababu gari anaendesha mke wake na yeye anakaa kando akisinzia. Mwalimu mstaafu alisema yeye ni mhafidhina, kwa sababu hajawahi kuondoka mahali popote bila kuaga. Mama mwingine alisema yeye ni vyote viwili, inategemea tunamzungumzia mtoto wake au mtoto wa jirani. Mama Vilevile alicheka peke yake, pini zikiwa mdomoni.

"Na mimi nina dada yangu," Mageuzi akasema hewani, "fundi wa sare za shule. Mnaomjua mnamjua. Ukimuuliza saa ngapi, anakupa saa ya jana."

"Mjinga huyu," dada mtu akaiambia pasi.

Lakini swali lenyewe lilimganda. Kama angepiga simu, angejibu nini? Mambo ya vyama hakuyapenda. Kura alipiga, na hakumwambia mtu alimpigia nani, hata mumewe, dereva wa malori ya masafa marefu, ambaye alimtania kwamba hata ndotoni hasemi. Si kwamba aliogopa vitu vipya. Cherehani yake ya pili ilikuwa ya umeme, na simu aliijua kuliko mdogo wake. Ila aliamini kwamba kuna mambo ambayo watu wa kabla yetu waliyajaribu yakashika: watu kula meza moja, mtu kuaga anapotoka, ahadi kutimizwa, mume na mke kufunga ndoa mbele za watu. Ukianza kufumua, hujui ni uzi upi ulioshika nguo nzima. Mdogo wake alizoea kumjibu kwamba nguo ikibana, hata ingeshonwa kwa uzi wa dhahabu, mtu hapumui. Walibishana hivyo kila Jumapili, walipokutana nyumbani kula mchana, kuanzia sahani ya kwanza mpaka vyombo vinapokauka. Hawakuwahi kununiana. Kubishana ndiko kulikuwa kupendana kwao.

Baba yao hakuingilia. Alikuwa fundi wa pampu za maji wa manispaa, sasa mstaafu, mtu wa maneno machache na mikono mikubwa. Tangu mke wake alipofariki, miaka kadhaa nyuma, maneno yalikuwa yamepungua zaidi. Asubuhi alimwagilia maua, mchana alisikiliza redio, jioni alitembea kidogo. Bintiye aliyeishi naye alimpikia, alimfulia, alimnyooshea mashati, na aliamini kwa moyo mweupe kwamba baba hana shida.

Kwa hiyo alishtuka siku mzee alipoingia dukani na kitambaa chini ya kwapa.

"Nishonee shati, mwanangu."

"Lete, baba." Akakifungua. Kilikuwa cha buluu, buluu ya kung'aa kabisa. Baba yao alikuwa amevaa kijivu na kaki tangu dunia iumbwe. "Umepewa na nani?"

"Nimenunua."

"Wewe? Rangi hii?"

"Matroni amesema kijivu kinanifanya nionekane kama ukuta."

Fundi akaanza kumpima mabega. Matroni alimjua, nani asiyemjua? Alikuwa muuguzi mkuu wa hospitali ya wilaya mpaka alipostaafu, mjane, mwanamke mnyoofu wa mgongo na wa maneno, aliyekaa mtaa wa tatu kutoka kwao. Nusu ya mtaa ilikuwa imewahi kuchomwa sindano naye. Aha, fundi akawaza, matembezi ya jioni yana anwani. Akajisikia ameguswa kidogo, halafu akafurahi kidogo, halafu akaanza kufikiria. Mtu mzima akipata mwenzake, ni jambo la heri. Patakuwa na ndoa ndogo, ya watu wa karibu. Yeye mwenyewe atashona suti ya bwana harusi. Alipofika kwenye vifungo vya shati, alikuwa ameshapanga hata viti.

Jumapili iliyofuata mzee alivaa shati lile mezani. Mageuzi alikuwepo na mkewe, mwalimu wa hesabu, mwanamke mcheshi asiyejua kuficha uso wake. Mabishano yalikuwa yameshaanza, safari hii juu ya wanafunzi kuruhusiwa kusuka nywele wapendavyo. Baba akagonga glasi kwa kijiko. Hakuwahi kufanya hivyo maishani, wakanyamaza wote.

"Nataka kuhama," akasema. "Nahamia kwa Matroni. Tumezungumza, tumekubaliana. Nitaondoka mwisho wa mwezi."

Mama Vilevile alimtazama mdogo wake, akingoja apige makofi. Si ndiye aliyewaambia wasikilizaji, wiki iliyotangulia tu, kwamba mtu mzima ana haki ya kupanga maisha yake bila kuomba ruhusa kwa ukoo? Lakini Mageuzi alikuwa ameshusha uma.

"Na mama?" akauliza.

"Mama yenu amekufa, mwanangu," mzee akasema taratibu.

"Najua amekufa! Nauliza, na mama?"

Swali hilo hakuna aliyelielewa vizuri, hata yeye mwenyewe. Dada mtu akaona ni zamu yake kutuliza mambo.

"Ni jambo jema, baba," akasema. "Sisi tutakusaidia. Ndoa ni lini?"

"Hakuna ndoa."

"Hakuna... vipi?"

"Hakuna. Tutakaa tu."

Wifi yake alikuwa anakunywa maji. Yalimtoka puani. Akaomba radhi, akakimbilia jikoni, na kutoka huko wakamsikia akikohoa na kucheka kwa pamoja, halafu akikohoa tu. Mama Vilevile alihisi masikio yakimwaka moto. Baba yake, mtu aliyemfundisha kubisha hodi hata kwenye mlango ulio wazi, anataka *kukaa tu* na mwanamke, kama vijana wa chuo!

"Haya," mzee akasema, akajipakulia tena. "Nimeshasema. Kuleni, chakula kinapoa."

*

Kesho yake Mageuzi alifika dukani moja kwa moja kutoka studio, kabla hata hajanywa chai. Akaketi kwenye kiti cha wateja, akasugua uso kwa viganja.

"Dada, lazima tumzuie."

"Tumzuie nani?"

"Usijifanye. Baba. Wewe ndiye mwenye msimamo, na wewe anakusikiliza. Mwambie haiwezekani."

Dada akaondoa mguu kwenye kanyagio, cherehani ikanyamaza. "Ngoja kwanza. Wewe ndiye uliyesema redioni kila mtu aishi anavyotaka. Umeniita mimi saa ya jana mbele ya wilaya nzima."

"Redioni ni redioni."

"Kumbe!"

"Si hivyo." Alikuwa akichezea kipande cha chaki, vidole vikawa vyeupe. "Watu wengine waishi wanavyotaka, nawatakia kila la heri, nitawapigania mpaka niishiwe sauti. Lakini yule ni baba. Mimi nikija hapa Jumapili, nikimwona amekaa pale, najua mama ametoka tu, yuko chumbani anatafuta miwani. Kila Jumapili nampata kidogo. Baba akihama, atakuwa amekufa kweli."

Fundi aliyaweka kando majibu makali na ya kuchekesha aliyokuwa ameyaandaa. Alimwona mdogo wake kama alivyokuwa zamani, mtoto asiyelala mpaka mlango wa chumba cha wazazi uachwe wazi. Watu wanamsikiliza asubuhi wakidhani hana kitu anachokishikilia. Kumbe amelishikilia hili kwa mikono miwili.

"Na mimi sikubali," akamwambia. "Ila yangu ni mengine. Akitaka mwenzake, namwachia kwa roho safi. Lakini afunge ndoa. Nitawaambia nini wateja? Kwamba baba yangu amehamia kwa mwanamke, basi, kama paka?"

"Kwa hiyo tuko upande mmoja."

"Hatuko upande mmoja hata kidogo. Tumegongana tu njiani."

Mageuzi akacheka bila kutaka. Wakakubaliana waende kwa Matroni, wakaongee naye kiutu uzima. Lakini siku ilipofika, alipiga simu akasema ana kikao. Sauti yake nzito ilikuwa imekuwa nyembamba. Dada mtu akajifunga leso kichwani, akapiga moyo konde, akaenda peke yake.

Alitegemea kukuta nyumba ya mtu asiyejali watu watasema nini, ingawa hakujua nyumba ya namna hiyo inafananaje. Alikuta sakafu iliyosuguliwa hadi inang'aa, viatu vimepangwa mlangoni visigino ukutani, vikombe vyote vimeelekeza masikio upande mmoja. Saa ya ukutani ilikuwa sahihi. Matroni mwenyewe alimfungulia akiwa na aproni nyeupe iliyopigwa pasi, mikunjo yake imesimama kama ya shati la askari. Mama Vilevile, ambaye nyumbani kwake vipande vya uzi viliingia hata kwenye sukari, alijikuta akivuta sketi yake iliyokunjamana.

"Nilikuwa nakungoja," Matroni akasema. "Nilidhani mtakuja wawili. Karibu, binti yangu. Vua viatu."

Akavua. Chai ikaletwa. Mgeni akajaribu kuanza kwa mbali, habari za afya, habari za jua, lakini mwenyeji hakuwa mtu wa kuzunguka.

"Umekuja kuniuliza kwa nini sitaki kuolewa na baba yako."

"Shikamoo kwanza," Mama Vilevile akasema, maana katika kuvua viatu alikuwa ameisahau, na haya zikamwingia.

"Marahaba." Matroni akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Sasa nikujibu. Mimi niliolewa. Niliapa mbele za watu, na sikuapa kwa utani. Mume wangu alipougua nilimhudumia mwenyewe, nikamzika, na mpaka leo sijamaliza kuwa mke wake. Labda wewe unaona ni upuuzi, wengi wanaona hivyo. Wananiambia nimekwama."

"Sioni upuuzi," fundi akasema haraka.

"Baba yako naye hivyohivyo. Hajamaliza na mama yako. Tukikaa barazani, saa nzima anaweza kunieleza mama yako alivyokuwa anakunja barua, na mimi nafurahi kumsikiliza, maana na yeye ananiacha niseme habari za wangu. Sasa niambie, tukienda kusimama mbele za watu, tukaapa upya, mmoja wetu atakuwa anadanganya. Pengine wote wawili. Mimi sijazoea kudanganya, na umri huu si wa kujifunza."

Mama Vilevile aliweka kikombe chini. Alikuja na hoja zake zimepangwa kama pini kwenye kijimto chake, lakini hii haikuwemo. Alikuwa amekuja kumtetea mama yake na ndoa kwa mwanamke asiyeheshimu ndoa, akamkuta anaiheshimu kiasi cha kutotaka kuigusa mara ya pili.

"Sasa mtakuwa nini?" akauliza. "Watu wakiniuliza, niseme nyinyi ni nani kwa nani?"

Matroni akafikiri. Aligeuza sikio la kikombe chake likaelekea upande mmoja na mengine.

"Nimefanya kazi wodini maisha yangu yote," akasema. "Nimewaona wazee wengi wakiamka asubuhi wanatafuta mtu wa kumwambia walichoota. Hawana maumivu, hawahitaji dawa. Wana ndoto tu, na hakuna wa kumsimulia. Sisi tutakuwa watu wawili wanaosimuliana. Jina lake silijui. Wewe fundi, utatafuta linalotosha."

Alitoka pale shingo upande. Si kwamba alikuwa ameridhika. Njia nzima alibishana na Matroni kichwani, na mara mbili akashinda, lakini ushindi haukumpa raha. Alipofika nyumbani alimkuta baba yake sebuleni, redio imezimwa, ameketi tu na mikono juu ya magoti. Akatambua kwamba ndivyo anavyomkuta kila jioni anapofunga duka, na kwamba siku zote alikuwa akimpita, akimwamkia, akienda kuwasha jiko.

Akaketi.

"Baba, hapa umekosa nini?"

"Sijakosa kitu. Unanitunza kama yai."

"Sasa?"

Mzee akatafuta maneno. Kazi hiyo ilimchosha kuliko kubeba pampu. "Nyumba ina watu," akasema hatimaye, "lakini wa rika langu hayumo. Nikisema 'ule mwaka wa mafuriko', wewe unaniuliza mafuriko gani. Matroni ananiambia maji yalifika wapi kwenye ukuta wa hospitali."

"Sikubaliani na jambo hili, baba. Nataka ujue. Nitasema hivyo leo na kesho."

"Najua."

"Ningependa mfunge ndoa."

"Najua, mwanangu. Ndivyo ulivyo. Nisingependa uwe vingine."

"Lakini nitakufungia mizigo," akasema, akainuka haraka kwenda jikoni, mzee asimwone uso.

*

Maneno ya mtaa yalikuja, kama alivyojua yatakuja. Mteja mmoja wa miaka mingi, akipimiwa shati la mwanawe, alimwuliza kwa sauti ya asali kama ni kweli mzee ameoa. "Hajaoa, amehamia," fundi akajibu, akaendelea kupima. Mteja akasema, "Na wewe, Mama Vilevile, wewe mwenyewe umekubali?" Akajibu, "Sikukubali. Shati liwe na mfuko mmoja au miwili?" Mwingine hakurudi tena, sare za watoto wake akapeleka kwa fundi wa kule sokoni. Iliuma. Alijikaza kisabuni, na usiku alimlalamikia mumewe kwa simu. Mumewe, aliyekuwa ameegesha lori mahali fulani njiani, alimsikiliza mpaka mwisho, akasema hajawahi kumpenda mteja yule hata siku moja, mtoto wake anapaka kamasi kwenye kiti.

Siku ya kuhama ilikuwa Jumamosi. Mageuzi hakutokea. Alikuja mkewe na gari lao, mikono ya blauzi imekunjwa.

"Wifi, usimngoje," akasema wakiwa wanabeba godoro. "Amejifungia na magazeti. Unajua, watu wakisikia ninaishi na Mageuzi wananionea wivu, wanadhani kwetu kila siku sherehe. Nyumba ile hata kijiko hakihami droo! Nilisogeza kiti chake dirishani, siku tatu hakunisemesha. Nilikirudisha, akasema, 'Umekuwa na siku njema, mpenzi?'"

Mama Vilevile alicheka mpaka godoro likawaponyoka. Wakakaa juu yake pale uani, wifi wawili, wakavunjika mbavu. Walipoishiwa pumzi, mke wa Mageuzi akasema kwa upole, "Si mnafiki, lakini. Anapowatetea watu kwenye redio anamaanisha. Ni vile tu moyo wake unachelewa kufika pale mdomo unapofika."

Mizigo ya mzee haikujaza hata nusu ya gari. Nguo, kisanduku cha spana, kiti chake cha kukunja. Mwishoni alirudi chumbani, akatoka na picha ya mama yao, ile ya fremu nyeusi. Bintiye hakutegemea. Alikuwa amejiambia kwamba picha, angalau, itabaki.

"Hiyo unaipeleka kwa Matroni?"

"Nitaiachaje?"

Bintiye akaipokea. Njiani aliishika mapajani mwake kama mtoto mchanga, akiwaza ataiona imefichwa kabatini, au imelazwa kifudifudi juu ya rafu, na kwamba ikiwa hivyo atairudisha nyumbani bila kumwomba mtu ruhusa. Matroni aliwapokea mlangoni, akawaambia wavue viatu, akamnyang'anya picha kabla ya kitu kingine chochote. Sebuleni, mahali pazuri ambapo mwanga wa dirisha haufiki kuunguza karatasi, ilitundikwa picha ya mwanamume mwenye masharubu makubwa na tai iliyopinda. Kando yake palikuwa na msumari mpya, umepigwa sawasawa kabisa na ule wa kwanza. Matroni akatundika picha ya mama yao, akarudi nyuma, akainamisha kichwa, akaisogeza kidogo kwa kidole.

"Hapo," akasema. "Iko sawa?"

Mama Vilevile aliitikia kwa kichwa.

Jioni hiyohiyo alikwenda kwa mdogo wake bila kupiga simu. Alimkuta kweli amezungukwa na magazeti, hasomi hata moja.

"Sikuja kukugombeza," akamwambia. "Nimekuja kukwambia mama yuko wapi."

"Usinitie maneno ya dini sasa hivi, dada."

"Yuko ukutani kwa Matroni. Sebuleni, mahali pa heshima. Kesho tunakula huko. Ukitaka kuja, njoo. Usipotaka, nitakuletea chakula kwenye bakuli kama mgonjwa." Akamshika bega, akaenda zake.

Alikuja. Wenzake walikuwa wameshaketi mezani waliposikia hodi, ndogo, ya mtu anayetumaini haitasikika. Matroni alimwambia avue viatu. Mageuzi akasimama katikati ya sebule na soksi zake, soksi moja ikiwa na tundu kidoleni, akatazama ukuta. Mama yake aliyekuwa kwenye picha alikuwa anatabasamu kama aliyeambiwa asitabasamu, na kando yake masharubu yale yalikuwa yamesambaa kwa fahari.

"Huyu nani amekaa na mama?" akauliza, na sauti ilikuwa katikati ya kulia na kugomba.

"Mume wa mwenye nyumba," baba yake akajibu kutoka mezani. "Usiwe na wasiwasi. Wanaelewana."

Kisha Mageuzi akatoa sauti ambayo dada yake hakuijua mara moja ni kitu gani, mpaka mabega yalipoanza kumtikisika akaona ni kicheko, kimechanganyika na yale mengine aliyokuwa ameyaweka kiporo tangu mazishi. Matroni akamkabidhi kitambaa cha mkono kilichopigwa pasi, akamsogezea kiti. Hakumwambia pole wala hakumwambia nyamaza. Alimwuliza anakula kiasi gani.

Mama Vilevile hakubadilika baada ya hapo, na asingependa mtu adhani alibadilika. Mpaka leo ukimwuliza atakwambia watu wakiishi pamoja ni vizuri wafunge ndoa. Matroni akimsikia anasema, "Na mimi nakuunga mkono," na wanaendelea kumenya viazi. Mageuzi naye ni Mageuzi. Ila mkewe anasema siku hizi, msikilizaji akipiga simu kusema "siwezi tu, sijui kwa nini", hamkatizi kama zamani. Anamwacha amalize.

Jumapili moja walitoka kwa Matroni mchana umeshapoa, mke wa Mageuzi ametangulia na gari kwa kuwa alikuwa na madaftari ya kusahihisha. Ndugu hao wawili wakaamua kutembea. Uchaguzi wa diwani ulikuwa umekaribia, na kabla hawajafika kona walikuwa wameshakamatana, Mageuzi akimsifu mgombea kijana anayetaka kubomoa soko la zamani ajenge la ghorofa, dada akiuliza wauza mboga watahifadhiwa wapi wakati ghorofa linajengwa, hewani? Mvua ikaanza bila kuaga. Wakakimbilia chini ya kibaraza cha duka lililofungwa, wakabanana hapo na mwanamume mmoja na baiskeli yake.

"Jibu swali," dada akasema akijikung'uta. "Watauzia wapi?"

"Watapewa eneo la muda."

"Muda gani? Kwa nani umesikia?"

"Dada, mbona hupendi kitu chochote kipya?"

"Nimekula kwa Matroni leo. Hilo si jipya? Na nimerudia sahani."

Mwenye baiskeli akatazama huku na huku, akauliza kama ni mume na mke. Wakakana kwa pamoja, wakacheka, kisha Mageuzi akamgeukia na kumwuliza yeye anaonaje habari ya soko. Mvua ilikatika zamani, na wote watatu walikuwa bado pale, wakibishana.